CD ya Muziki Haina Majina

Weka CD ya dansi au taarab kwenye kompyuta ambayo haina intaneti, kisha tazama itakachokuandikia: Track 01, Track 02, Track 03. Hakuna jina la bendi, hakuna mtunzi, hakuna mwaka. Wengi wakiona hivyo hudhani mashine imeshindwa kusoma. Haijashindwa. CD ya muziki, kama Sony na Philips walivyoiingiza sokoni mwaka 1982, imebeba sauti pamoja na orodha fupi mwanzoni inayoonyesha kila wimbo unaanzia dakika na sekunde gani. Baadaye ulibuniwa utaratibu wa kuandika majina ndani ya CD yenyewe, ukaitwa CD-Text, lakini kampuni nyingi hazikujishughulisha nao. Majina yamebaki kwenye karatasi: kijitabu kilichochomekwa kwenye kasha, na karatasi ya mgongoni.

Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo linaloamua yote yanayofuata. Mtu akinakili CD zake zote kwenye kompyuta, akatupa makasha stoo, halafu panya na unyevu vikamaliza zile karatasi, amebaki na sauti za watu asiowajua. Kwa muziki wa Ulaya na Marekani hasara hiyo ni ndogo, maana taarifa zake zimeandikwa mahali pengi. Kwa muziki wetu, mara nyingi ile karatasi ndiyo mahali pekee ambapo mtu aliwahi kuandika kwamba fulani ndiye aliyepiga besi.

Nyingi kati ya CD nilizonazo ni za baba mdogo. Alifanya kazi Muscat kwa miaka mingi, na kila likizo alirudi na taarab, rumba ya Kongo na chochote kingine kilichomvutia madukani. Zilizobaki nimezinunua mwenyewe, Kariakoo, Darajani kule Unguja, na River Road nilipopita Nairobi. Kompyuta za siku hizi hazina hata pa kuingizia CD, kwa hiyo nilinunua draivu ndogo ya nje, ile nyembamba ya waya wa USB, na kazi ikaanza.

Usianze na CD unazozipenda zaidi. Anza na zinazokufa. CD iliyotoka kiwandani na CD iliyochomwa dukani ni vitu viwili tofauti, ingawa umbo ni lile lile. Ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki, juu yake utando wa alumini, juu ya alumini vanishi, kisha maandishi. Ya kuchomwa ina tabaka la rangi ya kemikali ambalo leza ya draivu imeliunguza hapa na kuliacha pale. Rangi hiyo huchoka kwa joto na mwanga, na joto la pwani halina huruma nayo, hasa CD ikiwa imeshinda kwenye dashibodi ya gari. Utaitambua kwa upande wa chini: ina wekundu wa dhahabu, ukijani au ubluu, wakati ya kiwandani ni fedha tupu.

Hata za kiwandani zina maradhi yake. Kiwanda cha PDO kilichokuwa Blackburn, Uingereza, kilitoa CD nyingi kati ya 1988 na 1993 ambazo vanishi yake haikuhimili kemikali za karatasi zilizofungwa nazo. Hugeuka rangi ya shaba, kuanzia ukingoni kwenda ndani, na kwa kuwa CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, nyimbo za mwisho ndizo huanza kukwama. Miaka hiyo hiyo ndiyo lebo za London zilipokuwa zikiutoa muziki wa Afrika kwenye CD kwa mara ya kwanza. Ukiona maandishi "Made in U.K. by PDO" kwenye CD yako, inakili leo.

Na kuna jambo ambalo watu wengi wamelishika kinyume. Wanaogopa upande unaong'aa, wanauacha wenye maandishi ugaragare mezani. Upande unaong'aa una plastiki yenye unene wa milimita 1.2; mkwaruzo wa kawaida hapo unaweza kusuguliwa na CD ikasomeka. Upande wa maandishi, alumini iko chini ya vanishi nyembamba tu. Ufunguo ukipita pale, sauti imekwenda na haina dawa. Ukiisafisha, tumia kitambaa laini na ufute kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe mkono, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko hufunika data nyingi zilizofuatana, na hizo ndizo ngumu kuokoa.

Sasa kunakili kwenyewe. Kila sekunde ya CD ina sampuli 44,100 za sauti kwa spika ya kulia na idadi hiyo hiyo kwa ya kushoto, kila moja ya biti 16. Data hizo hazikupangwa kwa mstari mnyoofu. Zimetawanywa na kuchanganywa na namba za ziada za kusahihishia, hivyo kwamba doa la kama milimita 2.5 laweza kufunika sehemu ya njia na bado kila sampuli ikarudishwa ilivyokuwa. Doa likizidi hapo, mashine ya kuchezea hukisia. Huchukua sampuli iliyotangulia na inayofuata, ikajaza pengo la katikati kwa wastani. Ukiwa umekaa sebuleni hutasikia kitu, na hiyo ni kazi nzuri ya wahandisi. Lakini ukinakili kwa namna hiyo, lile kisio linakuwa ndilo muziki wako wa milele.

Ndiyo maana zipo programu zilizotengenezwa kwa kazi hii tu. Kwenye Windows ninatumia Exact Audio Copy, iliyoandikwa na Mjerumani Andre Wiethoff mwishoni mwa miaka ya 1990. Wenye Linux wana cdparanoia na whipper, wenye Mac wana XLD. Zote zina tabia moja: zikikuta mahali pa mashaka zinarudia kusoma pale pale, tena na tena, hadi majibu yakubaliane. Zikishindwa zinakuambia wazi ni wimbo gani na sekunde ya ngapi. Huo ukweli ndio ninaoutaka. Programu inayonakili CD nzima kwa dakika tatu na kusema "tayari" bila maelezo haijakuambia chochote.

Nyingi kati ya programu hizi pia hulinganisha matokeo yako na ya watu wengine duniani walionakili CD hiyo hiyo, kupitia hifadhidata iitwayo AccurateRip. Kwa CD ya bendi maarufu ya Uingereza utaambiwa watu wengi wamepata jibu kama lako. Kwa CD ya taarab iliyotolewa Unguja utaambiwa haijulikani. Usikate tamaa, maana yake ni kwamba huenda wewe ndiye wa kwanza kuileta. Inakili mara mbili na ulinganishe namba za uhakiki za kila wimbo. Zikifanana, una nakala unayoweza kuiamini. Kwa taarab asilia jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu wimbo mmoja unaweza kwenda robo saa, na CD nzima ikawa na nyimbo tano au sita. Doa moja kwenye CD kama hiyo limegusa sehemu kubwa ya kazi ya wasanii wale. Draivu moja ikigoma, jaribu nyingine kabla ya kuandika kwamba CD imekufa. Draivu nzito za kompyuta za mezani za zamani, ambazo mafundi wanakuuzia kwa bei ya chai, mara nyingi husoma kile ambacho nyembamba imekikataa.

Kuhusu aina ya faili sina mengi. Weka FLAC. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2001, ni huru, na linapunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu bila kutupa hata sampuli moja. CD hula takribani megabaiti 10 kwa dakika. Albamu ya saa moja kwa FLAC huwa na megabaiti 300 hadi 400. Ndani ya kila faili imo alama ya uhakiki ya sauti yote, kwa hiyo hata miaka kumi baadaye unaweza kuiuliza kompyuta kama faili hilo bado ni lile lile. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili iwe ndogo. Tengeneza MP3 au Opus za kuweka kwenye simu kutoka kwenye FLAC, na FLAC ibaki nyumbani.

Kuna CD za kuchomwa ambazo zinahitaji macho zaidi. Mtu alikuwa na MP3, akazichoma kama CD ya kawaida, akachapa kava la rangi, ikauzwa. Ukizinakili kwa FLAC utapata mafaili makubwa yenye sauti iliyokwisha kupunguzwa zamani. Pakua programu ndogo iitwayo Spek, ifungulie faili, itakuchorea masafa yote ya sauti. CD halisi ina nafasi hadi karibu hezi 22,000. MP3 ya kilobiti 128, ile tuliyoizoea sote, kwa kawaida imekatwa kwenye hezi 16,000 hivi, na mkato wake ni mnyoofu kama wa rula. Kanda za zamani nazo hazina sauti za juu, lakini zenyewe hufifia polepole. Ukishaona tofauti hiyo mara chache jicho linazoea. Ukigundua kuwa CD imetokana na MP3, usiitupe. Huenda ndiyo nakala pekee ya wimbo ule utakayoipata. Andika tu kwenye sehemu ya maelezo: chanzo, CD ya kuchomwa, ilitokana na MP3. Yeyote atakayerithi maktaba yako anastahili kujua ameshika nini.

Kwa moyo huo huo, usisafishe. Kelele ya santuri iliyotumika kutengenezea CD, au mvumo wa kanda, acha vilivyo. Programu ya kuondoa kelele huondoa pia pumzi ya zumari na ule mchakacho wa mkono kwenye nyuzi za gitaa, na ukishahifadhi juu ya faili la awali hakuna kurudi.

Tufike kwenye majina, maana ndipo ninapokaa usiku.

Kompyuta yenye intaneti hujaribu kuitambua CD kwa kupima urefu wa nyimbo na mpangilio wake, kisha kuuliza hifadhidata kama kuna aliyewahi kuandika majina ya CD yenye vipimo hivyo. Ya kwanza iliitwa CDDB, ikaanza mwaka 1993 kwa kujazwa na watumiaji wenyewe, baadaye ikageuzwa biashara. Freedb iliyochukua nafasi yake kwa wananchi ilifungwa mwaka 2020. Leo ninategemea MusicBrainz, ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza, na data zake za msingi zimeachwa huru kwa umma. Kwa muziki wetu hifadhidata zote hizi zina mapengo makubwa, na penye majina mara nyingi yameandikwa na mtu asiyejua Kiswahili: maneno yamekatwa katikati, mtunzi amewekwa mahali pa bendi, na aina ya muziki imeandikwa "World".

Mfumo wa kwanza wa kuandika taarifa ndani ya MP3, wa mwaka 1996, ulikuja na orodha ya aina 80 za muziki. Polka imo. Rumba haimo, taarab haimo, dansi haimo. Siku hizi sehemu hiyo unaandika unachotaka, basi andika: taarab, dansi, rumba, mchiriku, singeli. Neno ambalo silitumii hapo ni zilipendwa, kwa sababu linaeleza umri wa msikilizaji kuliko muziki wenyewe. Kilwa Jazz na Culture Musical Club hazikupiga kitu kimoja kwa sababu tu zote tulizisikia redioni utotoni.

Halafu kuna bendi ambazo maisha yake ni historia ya nchi. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikawa JUWATA Jazz. Miaka ya 1990 ikaja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Leo ni Msondo Ngoma. Kompyuta inaona bendi nne. Ukiziacha hivyo, ukitaka kusikiliza Msondo tangu mwanzo itabidi uruke herufi nne za alfabeti. Ukizibadilisha zote ziwe Msondo Ngoma, umefuta kile kilichoandikwa kwenye kava la mwaka 1975. Kule Unguja ni vivyo hivyo: Culture Musical Club wengine wanaijua kama Mila na Utamaduni, na ilianza mwaka 1958 ikiitwa Shime Kuokoana.

Njia niliyoichagua ni hii. Sehemu ya msanii hubaki kama ilivyochapishwa kwenye kasha, herufi kwa herufi. Pembeni yake nina tagi, yaani sehemu ya taarifa ndani ya faili, niliyoitengeneza mwenyewe iitwayo BENDI, na humo faili za majina yote manne zina thamani moja. Programu kama foobar2000 na MusicBee zinakuruhusu kupanga maktaba kwa tagi yoyote utakayoibuni. MusicBrainz wamefikia suluhisho linalofanana na hilo: kitambulisho kimoja cha msanii kwa ndani, na jina lililotumika kwenye kazi ile kwa nje.

Kwa rumba ya Kongo utahitaji subira zaidi. Bendi iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1956 kwenye CD zangu inaitwa O.K. Jazz, OK Jazz, T.P.O.K. Jazz na Tout Puissant O.K. Jazz, na kiongozi wake ni Franco, Luambo Franco, Luambo Makiadi, Franco Luambo Makiadi, na kila mchanganyiko uwezekanao wa maneno hayo matatu. CD nyingi za Sonodisc ya Paris za miaka ya 1990 zilichukua nyimbo za vipindi mbalimbali zikaziweka pamoja. Nairobi nako, Simba Wanyika ya ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga ilizaa Les Wanyika mwaka 1978 na kundi zima la akina Wanyika wengine. Hizo ni bendi tofauti kweli, na hapo kosa huwa kinyume chake: programu inayojifanya erevu huziunganisha.

Jina la bendi peke yake halitoshi. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA na JUWATA, akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park mwaka 1978, mwaka 1985 akawa Safari Sound ya mtindo wa Ndekule, kisha akarudi Msondo. Maktaba inayojua bendi tu haiwezi kukupa sauti ya mtu huyo kwa mfuatano. Kwa hiyo kila penye uhakika najaza mwimbaji, mtunzi, mpiga solo, ridhimu, besi, tumba, saksafoni. Kwa taarab: udi, kanuni, fidla, akordiani, dumbaki. Majina ya watu nayo yana tahajia zake. Kuna Bitchuka na kuna Bichuka. Kuna Marijani Rajabu na kuna Marijan Rajab. Chagua moja kwa tagi ya kupangia, na ile ya kwenye kava iachie mahali pake. Programu nyingi pia hupenda kugeuza jina, ziandike "Mwinshehe, Mbaraka" ili apangwe kwenye M ya jina la pili. Mimi nimezikataza. Hakuna mtu anayemtafuta Mbaraka kwa jina la baba yake.

Mwaka nao. Sehemu ya tarehe hujazwa mwaka uliochapishwa CD, na kwa muziki wa zamani huo mwaka hauna faida kwa msikilizaji. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Mkusanyiko wenye sauti yake ukitolewa kwenye CD miaka themanini baadaye, kompyuta itampanga kati ya wasanii wa Bongo Fleva. Tagi ya tarehe ya awali ipo kwa ajili hiyo. Ninaweka mwaka wa kurekodiwa pale, na mwaka wa CD panapostahili. Mfululizo wa Zanzibara uliosimamiwa na Werner Graebner kwa lebo ya Buda Musique ya Paris umenisaidia kuliko kitu kingine chochote, maana vijitabu vyake vinaeleza nani alirekodi nini na lini, na CD ya kwanza ilitolewa kuadhimisha miaka mia ya Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905. Ukipata CD yenye kijitabu cha aina hiyo, changanua kurasa zote na uweke picha ndani ya folda ya albamu. Zikiwa na azimio la nukta 300 kwa inchi hata maandishi madogo yanasomeka.

Kuna swali la nyimbo za santuri ndogo zilizokatwa vipande viwili. Upande wa kwanza unaishia sauti ikififishwa, upande wa pili unaendelea kwenye sebene. CD nyingine zimeviacha kama nyimbo mbili, sehemu ya 1 na ya 2. Kuna wanaoviunganisha kwenye kompyuta ili wimbo uende mfululizo. Mimi siviunganishi. Ile pause ni sehemu ya namna watu walivyousikia, pale mtu alipoinuka kugeuza santuri wakati wachezaji wakisubiri ukumbini. Nimeviacha viwili, vikifuatana.

Mikusanyiko ya wasanii wengi itakusumbua siku ya kwanza kisha basi. CD yenye bendi kumi na mbili itajigawa kuwa albamu kumi na mbili za wimbo mmoja mmoja. Jaza tagi ya msanii wa albamu kwa neno moja kwa nyimbo zote, mimi natumia "Wasanii Mbalimbali", na zitarudi pamoja. Kuhusu sauti kupanda na kushuka kati ya rekodi ya zamani na ya juzi, tumia ReplayGain: hupima kila wimbo, huandika kipimo kwenye tagi, na programu ya kuchezea hupandisha au kushusha wakati wa kupiga. Sauti yenyewe haiguswi.

Penye kijitabu kilichopotea au kilichonyamaza, inabidi kwenda kwa watu. Jirani yetu mmoja alikuwa mhudhuriaji wa kumbi za Dar es Salaam tangu ujana wake, na jioni akiwa barazani ninamletea simu na spika ndogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeleta nini?"

Ninampigia. Husikiliza akiwa ameinamisha kichwa, halafu kidole kinainuka. "Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Wanaimba watatu, hao waliokuandikia wawili hawakusikiliza." Ananirudisha tena, na tena, hadi nami naisikia sauti ya tatu iliyokuwa imejificha chini ya nyingine mbili. Nyakati nyingine hana jina la kunipa, ana mahali: hii ilipigwa sana wakati fulani, kabla fulani hajahama bendi. Hayo nayo ninayaandika, kwenye maelezo, pamoja na kusema yametoka kwa msikilizaji na si kwenye kava. Wazee wenye masikio hayo wapo kila mtaa, kutoka Ilala hadi Mji Mkongwe hadi Old Town Mombasa, na hawataulizwa na hifadhidata yoyote. Sisi wenye mafaili ndio wa kuwauliza.

Ninapokuwa na CD isiyokuwemo MusicBrainz, ninaiingiza: majina kama yalivyo kwenye kasha, lugha ya nyimbo Kiswahili, picha ya kava. Siweki sauti kwa mtu. Sauti ni ya wasanii na warithi wao, na wengi wao hawakulipwa vizuri hata wakati nyimbo zilipokuwa zikitawala redio. Nakala nilizotengeneza ni za CD nilizozishika mkononi na zinakaa nyumbani kwangu. Majina ni kitu kingine. Majina yanatakiwa yaenee kadiri iwezekanavyo.

Hifadhi ni jambo fupi. Diski moja ya nje si akiba. Nina mbili, moja inakaa kwa dada yangu mji mwingine, na tunabadilishana ninapomtembelea. Kama umeme wa kwenu unakatika ovyo, nakili ukitumia kompyuta yenye betri nzima, maana diski ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibu zaidi ya faili lililokuwa linaandikwa. Katika folda ninapanga msanii, kisha mwaka na albamu, kisha namba na jina la wimbo, na ninaepuka mkwaju (/), nukta mbili (:) na alama ya kuuliza kwenye majina ya mafaili, kwa sababu Windows na memori kadi nyingi zinayakataa. Ndani ya tagi alama hizo zinabaki.

Kwa sasa nina CD moja ya taarab ya kuchomwa, haina kasha, juu yake kuna kalamu ya wino imeandika "Mombasa harusi". Imesomeka yote isipokuwa mwisho wa wimbo wa tano. Anaimba mwanamke, anaitikiwa na wenzake, kuna akordiani, kuna tabla, na katikati ya wimbo wa pili mtu anatoa tuzo na jina lake linatajwa kwa furaha. Watu wawili wamenipa majina mawili tofauti ya mwimbaji, kila mmoja akiwa na uhakika wake. Sijaandika lolote kati ya hayo kwenye sehemu ya msanii. Nimeandika "Hajathibitishwa", na kwenye maelezo nimeweka majina yote mawili, nani alisema, na mwezi gani. Wiki ijayo naipeleka kwa mama mmoja aliyekuwa akiimba kiitikio kwenye harusi za Mombasa miaka hiyo.